Gadi mfungaji na gadi wa pasi: namna ya kuwapima kwa mizani moja

Mabishano ya mpira wa kikapu barazani yana tabia ya kuishia pale yalipoanzia. Mmoja asema pointi gadi wake, yule anayevusha mpira na kuongoza mashambulizi, hufunga alama 21 kwa mechi. Mwenzake ajibu kwamba wake hutoa asisti saba, yaani pasi zinazozaa kikapu. Kahawa inakwisha, watu wanainuka, na hakuna aliyemshinda mwenzake kwa kuwa kila mmoja alishika kipimo chake. Nenda sokoni ujaribu kulinganisha bei ya changu anayeuzwa kwa kilo na dagaa wanaouzwa kwa fungu. Utakwama vivyo hivyo mpaka wote wapande mizani moja.

Kwa pointi gadi, mizani hiyo ni zamu. Zamu huanza timu inaposhika mpira na kwisha mpira unapokwenda kwa wapinzani: kikapu kimeingia, mtupo umekosewa na wapinzani wamedaka, au mpira umepotezwa, yaani tanova. Ribaundi ya mbele, yaani timu kudaka mtupo wake yenyewe uliokosewa, haianzishi zamu mpya, inairefusha ile ile. Gadi akimaliza zamu kwa mtupo wake mwenyewe, ametumia mali ya timu nzima. Alama alizopata hapo hazina budi kulinganishwa na zile ambazo wenzake wangezipata kwa zamu hiyo hiyo. Swali la mfungaji na mpaji wa pasi limeegemea hapo, wala huwezi kulijibu kwa kutazama alama na asisti peke yake.

Karatasi ya kuandikia

Karatasi rasmi ya alama ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ile inayojazwa mezani wakati wa mechi, haitakupa unachohitaji. Ina vikapu vilivyoingia: mstari wa mshazari kwa mtupo wa uwanjani, kidoa kilichojazwa kwa mtupo wa adhabu, na nambari ya mchezaji huzungushiwa duara kama ni alama tatu. Ina faulo na taimauti. Mitupo ya uwanjani iliyokosewa haimo, asisti haimo, tanova haimo. Anayeitegemea ataona nusu moja tu ya gadi mfungaji, ile nusu nzuri, na gadi wa pasi hatamwona kabisa.

Kwa hiyo chora yako. Daftari la hesabu la miraba latosha. Kila mchezaji apate mstari wake, na kwenye mstari huo visanduku vya mitupo ya alama mbili, mitupo ya alama tatu, mitupo ya adhabu, asisti, tanova, ribaundi za mbele na dakika. Mtupo ulioingia piga alama ya mkato, uliokosewa andika sifuri. Muwe wawili: mmoja asitoe macho uwanjani na atamke kwa sauti, mwingine aandike bila kuinua kichwa. Mtu mmoja akijaribu yote mawili, kinachopotea kwanza ni tanova, kwa sababu mpira huwa umeshafika upande wa pili kabla kalamu haijagusa karatasi. Na tanova ndiyo nambari ambayo bila yake hesabu nzima haina maana.

Dakika ziandikwe kutoka saa ya mchezo, si saa ya mkononi. Mchezaji akitoka benchi, andika robo na muda uliobaki. Akirudi benchi, vivyo hivyo. Kwenye mechi isiyo na saa inayosimama, ambazo si chache viwanja vya mtaani, hesabu zamu alizokuwa uwanjani badala ya dakika. Ni kipimo bora zaidi hata hivyo.

Asisti ndiyo inayoharibu takwimu nyingi. Mwandishi mkarimu humpa gadi asisti kwa kila pasi iliyotangulia kikapu, na mwandishi bahili humnyima kila mpokeaji akidunda mpira mara moja. Kubalianeni kanuni kabla ya mchezo kuanza na muishike msimu mzima. Kanuni inayofaa ni ile ya FIBA. Pasi ya mwisho pekee ndiyo inayohesabiwa. Mpokeaji akiwa ndani ya eneo lililopakwa rangi chini ya kikapu na akafunga, ni asisti. Akiwa nje ya eneo hilo na akafunga bila kudunda, ni asisti. Akidunda kwanza, ni asisti iwapo hakulazimika kumpita beki wake. Akimpita kwa ufundi wake mwenyewe, kikapu ni chake peke yake. Pia FIBA hutoa asisti ikiwa mpokeaji amechezewa faulo wakati wa kurusha na akaingiza angalau mtupo mmoja wa adhabu. NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, haihesabu hiyo. Ukichukua asisti za mashindano ya FIBA na kuziweka kando ya za NBA, kumbuka tofauti hiyo kabla ya kutoa hukumu.

Sasa ongeza kisanduku ambacho karatasi nyingi hazina: pasi za nafasi. Kila pasi ya gadi inapozaa mtupo wa mwenzake, chora duara tupu. Mtupo ukiingia, jaza duara, na ukiwa wa alama tatu weka nukta pembeni. Duara zilizojaa ni asisti. Duara zote kwa pamoja ni pasi za nafasi. Usione vyaelea, vimeundwa: gadi aliyempatia mwenzake mtupo ulio wazi ameshafanya kazi yake hata kama mpira umegonga chuma na kutoka. Takwimu za kawaida humwadhibu kwa mkono wa mtu mwingine. NBA hupata hesabu hii kwa kamera zilizofungwa viwanja vyote tangu msimu wa 2013-14. Kwa daftari na macho mawili makini utapata karibu kitu kile kile.

Tanova nazo zigawe mara mbili. Andika H kwa tanova hai, yaani mpinzani ameunyakua mpira ukiwa bado mchezoni. Andika M kwa tanova mfu: mpira umetoka nje, kutembea na mpira bila kudunda, sekunde nane zimekwisha kabla ya kuvuka mstari wa kati, faulo ya mshambuliaji. Zote mbili zimepoteza zamu, lakini H huwapa wapinzani mbio ya bure hadi kikapuni, ilhali M huwapa mpira wa pembeni na ulinzi wako umeshajipanga. Gadi anayeporwa akidunda katikati ya uwanja ana gharama kubwa kuliko gadi ambaye pasi yake ndefu imepita juu ya vidole vya mwenzake ikatoka. Na kwa mji wetu weka kitambaa kikavu benchi. Joto na unyevu wa Mombasa hulowesha mpira kufikia robo ya tatu, hasa mpira wa zamani uliolainika, na pasi ya mkono mmoja huteleza. Hizo ni tanova, ziandike, ila ujue chanzo chake kabla ya kumlaumu mtu.

Hesabu zenyewe

Zamu alizotumia gadi = mitupo ya uwanjani aliyorusha + (0.44 × mitupo ya adhabu aliyorusha) + tanova.

Alama kwa zamu = alama ÷ zamu alizotumia.

Ufanisi wa mtupo = alama ÷ (2 × (mitupo ya uwanjani + 0.44 × mitupo ya adhabu)).

Hiyo 0.44 huwasumbua wengi. Kama kila faulo ingezaa mitupo miwili, kila mtupo wa adhabu ungekuwa nusu zamu, yaani 0.5. Lakini mitupo mingine haifikii nusu zamu: ule mmoja wa nyongeza baada ya kikapu kilichoingia na faulo juu yake, ule wa faulo ya kiufundi, na mitatu ya mtu aliyechezewa faulo akirusha kutoka mbali. Ukijumlisha yote kwa maelfu ya mechi za NBA, wastani hushuka hadi kama 0.44. Kwa mechi zako sita au kumi unaweza kufanya vizuri zaidi: hesabu moja kwa moja ni mara ngapi gadi amekwenda mstarini na safari hiyo ikachukua nafasi ya mtupo wake wa uwanjani, kisha tumia idadi hiyo badala ya 0.44 × mitupo.

Hesabu ya nne ndiyo inayotenganisha mfungaji na mpaji. Jumlisha zamu alizotumia na asisti zake. Hiyo ni jumla ya mara ambazo mpira uliishia kwa uamuzi wake. Sasa igawe mafungu matatu: mtupo, asisti, tanova, kila moja kwa asilimia. Hesabu hii haijali mechi ilikuwa ya dakika 40 au 48, wala timu inakimbia au inatembea. Tuiite mgawo.

Tuwachukue watu watatu ambao takwimu zao za msimu ziko wazi. Steve Nash wa Phoenix Suns, 2006-07: mechi 76, alama 1,412, mitupo ya uwanjani 971, mitupo ya adhabu 247, asisti 884, tanova 287. Russell Westbrook wa Oklahoma City Thunder, 2016-17: mechi 81, alama 2,558, mitupo 1,941, ya adhabu 840, asisti 840, tanova 438. Stephen Curry wa Golden State Warriors, 2015-16: mechi 79, alama 2,375, mitupo 1,598, ya adhabu 400, asisti 527, tanova 262.

Tuanze na Nash taratibu. 0.44 × 247 ni 108.7. Ongeza 971, wapata 1,079.7, hiyo ndiyo mitupo yake yote ukijumlisha na ya mstarini. Ongeza tanova 287, wapata zamu 1,366.7. Alama 1,412 ÷ 1,366.7 ni 1.03 kwa zamu. Ongeza asisti 884, jumla 2,250.7. Mgawo wake: mtupo asilimia 48, asisti 39, tanova 13.

Westbrook kwa njia ile ile: zamu 2,748.6, alama kwa zamu 0.93, mgawo wa mtupo 64, asisti 23, tanova 12. Curry: zamu 2,036, alama kwa zamu 1.17, mgawo wa mtupo 69, asisti 21, tanova 10.

Tazama lililotokea. Kwa wastani wa mechi, Nash alitoa asisti 11.6 na Westbrook 10.4. Mtu wa baraza ataapa kwamba ni wapaji wa daraja moja. Mgawo unasema sivyo: kati ya kila mara kumi mpira ulipoishia mikononi mwa Nash, karibu nne ziliishia kwa kikapu cha mwenzake. Kwa Westbrook ni mbili na kidogo. Asisti zake zilikuwa nyingi kwa sababu alishika mpira mno, na kwa mgawo yuko karibu sana na Curry, ambaye hakuna anayebisha kwamba ni mfungaji.

Lakini mgala muue na haki umpe. Mwaka huo wa 2016 mfungaji mwenzake, Kevin Durant, alikuwa ameondoka Oklahoma City, na Westbrook alibeba mzigo wa zamu nyingi kuliko mchezaji yeyote aliyewahi kuhesabiwa, asilimia 41.7 ya zamu za timu alipokuwa uwanjani. Mtu anayebeba mzigo kama huo hulazimika kuchukua mitupo mibaya ya mwisho wa sekunde 24 ambayo wenzake hawaitaki. Alama 0.93 kwa zamu ya mtu wa aina hiyo haziwekwi kando ya 1.03 ya Nash, aliyetumia zamu kama 18 kwa mechi dhidi ya 34, halafu ukasema mmoja alicheza vibaya.

Ukitaka kurudi nyuma zaidi utagonga ukuta. Nate Archibald aliongoza NBA kwa alama (34.0) na kwa asisti (11.4) msimu mmoja, 1972-73, jambo ambalo hakuna mwingine amelifanya. Angefaa sana hapa. Ila NBA ilianza kuandika tanova za kila mchezaji msimu wa 1977-78, kwa hiyo fungu la tatu la mgawo wake halipo.

Vipimo viwili vinavyodanganya

Cha kwanza ni asilimia ya tanova inayopatikana katika tovuti nyingi: tanova ÷ zamu alizotumia. Nash hupata 21, Westbrook 16, Curry 13. Ukisoma hivyo hivyo, Nash ndiye mpotezaji mkubwa wa mpira kati ya watatu. Hesabu haina kosa, ila asisti hazimo ndani ya kigawanyo. Gadi wa pasi hurusha mara chache, kwa hiyo kigawanyo chake ni kidogo, na tanova zake, ambazo nyingi zilitokea akijaribu kupasi, huonekana kubwa. Ukiziweka asisti ndani, kama tulivyofanya kwenye mgawo, Nash na Westbrook wako 13 na 12, karibu sawa. Kipimo hicho kimetengenezwa kwa wafungaji. Usimpimie mpaji wa pasi.

Cha pili ni asisti kwa tanova, kipenzi cha makocha. Nash 3.1, Curry 2.0, Westbrook 1.9. Hiki nacho kimeinama, upande wa pili. Tanova za mfungaji nyingi hutokea akielekea kikapuni kufunga, si akipasi, lakini zote hutozwa kwenye asisti zake. Gadi mwoga anayepasi pembeni tu na hajaribu lolote naye hupata uwiano mzuri. Kitumie kati ya wapaji wa pasi wawili, usikitumie kati ya mpaji na mfungaji.

Mfano wa nyumbani

Tuseme timu ya mchanganyiko ya Mombasa yataka gadi mmoja, na kuna wawili kutoka timu tofauti, kila mmoja ana mechi sita kwenye daftari. Nambari hizi ni za kuhesabia tu.

Gadi A: dakika 192, mitupo ya mbili 33 kati ya 78, ya tatu 12 kati ya 36, ya adhabu 24 kati ya 34, asisti 18, pasi za nafasi 38, tanova 26. Alama 126, yaani 21 kwa mechi.

Gadi B: dakika 186, mitupo ya mbili 18 kati ya 38, ya tatu 6 kati ya 18, ya adhabu 12 kati ya 16, asisti 42, pasi za nafasi 80, tanova 20. Alama 66, yaani 11 kwa mechi.

Kwanza ondoa kasi ya timu. Zamu za timu kwa mechi = mitupo ya uwanjani + 0.44 × mitupo ya adhabu + tanova − ribaundi za mbele. Timu ya A hukimbia, zamu 84; ya B hutembea, zamu 70. A hucheza dakika 32 kati ya 40, kwa hiyo yupo uwanjani kwa zamu kama 67. B dakika 31, zamu kama 54. Alama 21 katika zamu 67 ni 31 kwa kila zamu 100. Alama 11 katika zamu 54 ni 20. Pengo lililoonekana karibu mara mbili limeshuka hadi mara moja na nusu, bila mtu kubadilisha chochote.

Kisha alama kwa zamu walizotumia wenyewe. A: 114 + 15 + 26 = zamu 155, alama 0.81 kwa zamu. B: 56 + 7 + 20 = zamu 83, alama 0.80. Karibu sawa. Mgawo wa A: mtupo 75, asisti 10, tanova 15. Mgawo wa B: mtupo 50, asisti 34, tanova 16. Sasa unajua kwa hakika nani ni nani.

Hapa wengi huweka kalamu chini. Usiweke, maana hatua inayofuata ndiyo inayoleta jibu: pima mtupo wa gadi na pasi ya gadi kwa kipimo kimoja, alama kwa kila mtupo.

Mtupo wa A mwenyewe: alama 126 ÷ 129 (mitupo 114 na 15 ya mstarini) = 0.98. Pasi zake za nafasi: 38, zilizoingia 18, tuseme tatu kati yake ni za alama tatu. Hiyo ni alama 39, na 39 ÷ 38 ni 1.03. Mtupo wa B mwenyewe: 66 ÷ 63 = 1.05. Pasi zake: 80, zilizoingia 42, tuseme 12 za alama tatu. Alama 96 ÷ 80 = 1.20.

Soma taratibu. Mitupo inayotoka kwa pasi ya A huzaa zaidi kuliko mitupo yake mwenyewe, 1.03 dhidi ya 0.98, na bado yeye hurusha mara 129 na kutoa pasi za nafasi 38 tu. Huyu ni mfungaji anayeacha alama uwanjani. Si kwamba arushe nusu. Akianza kupasi zaidi, mabeki watamwachia nafasi na mitupo ya wenzake itakuwa migumu kidogo. Lakini mitupo mitatu au minne kwa mechi igeuke pasi, hasa ile anayorusha akiwa na mabeki wawili mbele yake. B naye mtupo wake una thamani nzuri, 1.05, na haurushi vya kutosha. Kinachomshusha hadi 0.80 kwa zamu ni tanova 20, si shabaha.

Je, umchukue B? Sasa tazama wenzao. Chukua alama na zamu za wachezaji wengine wa timu ile utakayompeleka, sio za timu aliyotoka. Kama wenzake hupata alama 0.70 kwa zamu wanapojitafutia, zamu ya A ya 0.81 ni faida na timu inamhitaji amalizie. Kama wenzake hupata 0.95, kila zamu anayoimaliza A mwenyewe ni hasara, hata akifunga 30 na ukumbi mzima ukasimama. Gadi wa pasi naye hana kazi kubwa katikati ya watu wasioweza kurusha: pasi zake 80 zitabaki duara tupu. Ndiyo maana kuuliza yupi bora bila kutaja watu wanne watakaosimama naye ni swali lisilokamilika.

Tanova za hao wawili zifungue mwisho. Kama kati ya 26 za A kumi na saba ni H, na kati ya 20 za B kumi na nne ni M, ulinzi wako utaujua utofauti huo robo ya kwanza tu. Hesabu alama walizofunga wapinzani ndani ya sekunde saba au nane baada ya kila H na umtoze gadi. Utashangaa mara ngapi mfungaji wa alama 21 amerudisha tano au sita.

Mitego ya mechi chache na viwanja vya wazi

A ameingiza 12 kati ya mitupo 36 ya alama tatu, asilimia 33. Kwa mitupo 36 bahati peke yake humsogeza mtu asilimia kama nane juu au chini: huyo anaweza kuwa mrushaji wa 25 au wa 41 na daftari lako lisijue. Usimkate mtu kwa asilimia ya tatu mpaka afikishe mitupo mia na zaidi, na hata hapo kuna kama asilimia tano za kuyumba. Mgawo hutulia mapema zaidi, kwa kuwa hauhusu mpira kuingia bali uamuzi wa kurusha au kupasi, na uamuzi ni tabia. Mechi tano au sita huonyesha picha ambayo haibadiliki sana.

Uwanja nao uandikwe juu ya karatasi. Timu za KPA, yaani Mamlaka ya Bandari ya Kenya, hucheza nyumbani ukumbini Makande, chini ya paa. Timu nyingi za mtaa na za shule hucheza kwenye saruji nje, na kusi inapovuma kuanzia kama Aprili hadi Septemba mtupo wa mbali saa kumi jioni hupepea. Gadi anayejua hilo hupunguza mitupo ya tatu na kupenya, na karatasi yake huonekana kama ya mtu mwingine. Weka mafungu mawili, ndani na nje, na umlinganishe mtu na mwenzake ndani ya fungu moja.

Takwimu za NBA usizilete mbichi kwa kipimo cha mechi. Wao hucheza dakika 48, sisi 40 kwa sheria za FIBA. Mstari wao wa alama tatu uko mita 7.24 katikati na 6.71 kwenye pembe, wetu 6.75 na 6.60. Mgawo na alama kwa zamu huvuka mipaka hiyo bila shida kubwa. Wastani wa alama na asisti hauvuki.

Mwisho, tenga robo ya nne ya mechi zilizoamuliwa kwa alama sita au chini na uifanyie mgawo peke yake. Wapinzani huanza presi, yaani kubana uwanja mzima, mabeki wawili humfuata mwenye mpira, na gadi mfungaji wa kweli hutofautiana hapo na mtu anayerusha tu. Tazama fungu la tanova kwanza. Likipanda kutoka 15 hadi 25, mpe mwenzake kazi ya kuvusha mpira na umsubirishe yeye mbele, akipokea baada ya mstari wa kati.